Asterias imekuwa kahawia huku chini, inaoza?

Habarini wadau, nina Astrophytum asterias, ile kaktasi isiyo na miba, bapa kama kitumbua, vidoti vyeupe juu. Sasa karibu na udongo imeanza kuwa kahawia, niinyweshe au niiache?

— Bonyeza taratibu na kidole. Ikiwa ngumu na kavu ni umri tu, huwa zinaanzia chini hivyo hivyo. Ikibonyea na inatoa maji ing'oe leo leo, kata mpaka ufike nyama safi isiyo na doa hata moja, acha kidonda kikauke kabisa ndo upande tena.

— Naongezea, udongo ndo kila kitu, weka kokoto ndogo na mchanga wa mto mwingi, mbolea kiduchu, na usimwage maji mpaka chungu kikauke hadi chini. Jua la mchana ipe kivuli kidogo, kwao kusini mwa Texas na Tamaulipas kule Meksiko inakaa chini ya vichaka.

Nimebonyeza, ngumu! Asanteni sana. Na mbegu je?

— Tafuta ya pili, peke yake haishiki mbegu. Ila iliyochimbwa porini usinunue jamani, zinaisha, CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, wameiweka orodha ya kwanza kabisa.