Mafua nyumba nzima: tangawizi na asali, kujifukiza, au kitunguu saumu?

Mkazi wa Mbagala
Ndugu zangu, mafua yameingia nyumbani kwangu tangu Jumanne, na kila anayepata nafuu amekwisha kumwambukiza mwingine. Jumamosi nitakwenda Kariakoo, na fedha niliyo nayo hainiruhusu kununua kila ninachoshauriwa. Nimebakiza njia tatu: chai ya tangawizi yenye limau na asali, kujifukiza kwa majani ya mkaratusi na mchaichai, au kitunguu saumu kibichi kinachopondwa na kumezwa asubuhi. Naomba waliowahi kuzitumia waniambie ipi inafaa zaidi.

Shangazi wa Pongwe
Mwanangu, hujatuambia wanaougua ni akina nani. Wana umri gani? Wana homa, au ni kamasi tu? Kikohozi ni kikavu au kina makohozi? Yupo mjamzito au mwenye pumu? Ukiniuliza mimi, tangawizi ndiyo ya kwanza: kipande kama kidole gumba kitwangwe, kichemke dakika kumi, limau likamuliwe baada ya kuepua, na asali itiwe chai ikiwa vuguvugu.

Fundi wa Ilala
Kwa heshima zote, Shangazi, chai hutuliza koo, lakini pua iliyoziba huhitaji nyungu. Mimi hujifunika shuka jioni nikavuta mvuke wa mkaratusi na kivumbasi mpaka jasho linitoke, na usiku huo hulala bila kukoroma.

Mama wa Watatu
Ndugu Fundi, naomba unisikilize. Miaka minne iliyopita mwanangu wa pili, akiwa na miaka sita, alibanwa na mafua, nami nikamfanyia hayohayo unayoyasema. Niliiweka sufuria sakafuni, nikamkalisha kwenye kigoda, nikamfunika kanga mbili. Sikuwa mbali, nilikuwa mlangoni namjibu jirani. Mvuke ulimchoma macho, akataka kutoka, mguu wake ukajikwaa kwenye kanga na sufuria ikapinduka. Aliungua paja na mguu wote wa kushoto, tukakaa wodini siku kumi na tisa kwa sababu ya mafua ambayo yangekwisha yenyewe ndani ya wiki. Kovu analo hadi leo, na kila anapovaa kaptura ya shule mimi hutazama pembeni. Mtu mzima ajifukize akipenda, ila mtoto asisogezwe karibu na nyungu kabisa.

Fundi wa Ilala
Pole sana, dada yangu. Kwa watoto nakubaliana nawe kabisa.

Mfamasia wa Moro
Hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kinachoua virusi vya mafua. Vyote hupunguza adha tu wakati mwili ukipambana. Asali ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi, hasa kwa kikohozi cha usiku. Mafuta ya mkaratusi yasinywewe, kwani ni sumu. Nasisitiza pia swali la Shangazi kuhusu umri, kwa sababu jibu lote linategemea hilo.

Mkazi wa Mbagala
Samahanini kwa kutoeleza mapema. Tunaougua ni mimi, mama mkwe wangu ambaye anameza dawa ya kuzuia damu kuganda, na mtoto wa miezi minane.

Mfamasia wa Moro
Hayo ndiyo yalipaswa kutangulia. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali hata ya kulamba, kwa kuwa inaweza kuwa na vijimbegu vya bakteria wanaosababisha botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli hadi ya kupumulia. Mama mkwe naye asimeze kitunguu saumu kwa wingi kama dawa, maana chaweza kumwongezea hatari ya kutokwa na damu. Kile cha kwenye mchuzi si tatizo.

Mrina Asali wa Sikonge
Kwa watu wazima, basi, nunua asali kwa mtu unayemfahamu. Wengi huikataa iliyoganda wakidhani imetiwa sukari, ilhali asali halisi nayo huganda.

Fundi wa Ilala
Mimi huchovya kijiti cha kiberiti. Kikiwaka, asali ni safi.

Mrina Asali wa Sikonge
Kipimo hicho huonyesha tu kwamba haina maji mengi. Shira nzito ya sukari nayo itakipita.

Shangazi wa Pongwe
Mnajadili kiberiti na mtoto hatujamsemea! Mwanangu, ananyonya vizuri? Pua yake idondoshee matone ya maji ya chumvi yanayouzwa duka la dawa, umnyonyeshe mara kwa mara, na uhesabu pumzi zake akiwa ametulia. Zikifika 50 au zaidi kwa dakika moja, au mbavu zikibonyea ndani, usingoje Jumamosi.

Mkazi wa Mbagala
Nimehesabu sasa hivi akiwa amelala: 42. Ananyonya, ingawa huachia kila mara ili apumue. Matone ninayafuata sasa hivi. Mama mkwe bado anadai kitunguu saumu chake, na sijui nitamwambiaje.