Farasi Ferdinand alishinda Kentucky Derby 1986, akachinjwa 2002. Acheni kuandika kwamba "alistaafu"

Wakuu, hili nimelimeza miaka mingi, leo nalitoa.

Kila Jumamosi ya kwanza ya Mei ikikaribia, tunabandikiwa orodha za washindi wa zamani wa Kentucky Derby, zile mbio kubwa za farasi za Marekani. Wa 1986 yupo pale: Ferdinand, mwalimu Charlie Whittingham, mpandaji Bill Shoemaker. Halafu wasifu wake unafungwa hivi: "akastaafu, akapelekwa kuzalisha." Basi! Anayesoma anabaki na picha ya mzee anakula majani kivulini mpaka siku zake zikatimia. Juzi nimeikuta tena, na chini yake watu wanasifia jinsi farasi wa mbio wanavyolelewa kifalme. Nimekasirika mpaka mikono inatetemeka.

Ferdinand alichinjwa Japani mwaka 2002. Alikuwa na miaka 19.

Kwa wasiomjua, niwaambie ni farasi wa aina gani. Baba yake ni Nijinsky, aliyetwaa mbio zote tatu kubwa za Uingereza mwaka 1970, na tangu hapo hakuna dume aliyerudia. Siku ya Derby pale uwanja wa Churchill Downs walikuwa farasi 16, yeye akapangiwa geti namba 1, ubavuni kabisa mwa uzio wa ndani. Hiyo nafasi wenye farasi wanaiogopa kwa sababu wenzako wote wanakuangukia. Na ndivyo ilivyokuwa. Mageti yalipofunguka alibanwa, akapoteza mwendo, na kundi lilipopita mbele ya jukwaa mara ya kwanza yeye alikuwa mkiani. Shoemaker hakumchapa. Alikuwa na miaka 54, Whittingham 73, watu walishawaona wamepitwa na wakati. Akamwacha apumue, akapita mmoja, akapita wa pili, na walipoingia sehemu ya mwisho iliyonyooka ukafunguka mwanya mdogo upande wa ndani. Ile video nimeirudia mara nyingi, na kila mara hapo nasimama. Mwanya ule ungejifunga sekunde moja tu, leo tusingekuwa na jina la kutaja. Ferdinand akapenya, akamaliza akiwa ameacha nafasi ya urefu wa farasi wawili na robo.

Mwaka uliofuata, Novemba 1987, akaenda uwanja wa Hollywood Park kwenye mbio za Breeders' Cup Classic, akakutana na Alysheba, mshindi wa Derby ya mwaka huo. Washindi wawili wa Derby kwenye mbio moja! Ferdinand alikuwa na tabia ya kulegea akishaona yuko mbele, hivyo mpandaji alilazimika kumshikilia mpaka dakika ya mwisho kabisa ndipo amwachie. Wakafika mstarini wamelingana vichwa, picha ikaonyesha Ferdinand kashinda kwa pua. Akatajwa Farasi wa Mwaka Marekani. Alipomaliza kukimbia alikuwa ameingiza zaidi ya dola milioni 3.7.

Hapo ndipo wasifu unapoishia. Na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Farasi wa damu hii, thorobredi, sheria zake haziruhusu mbegu kuchukuliwa na kupandikizwa kama wanavyofanya kwa ng'ombe. Dume lazima ampande jike mwenyewe, mwili kwa mwili, la sivyo mtoto hasajiliwi. Kwa hiyo "kustaafu" maana yake ni kuhamishiwa kazi nyingine ya mwili, ya msimu mzima, kila mwaka. Ferdinand alipelekwa shamba la Claiborne kule Kentucky mwaka 1989, ada yake dola 30,000 kwa kila jike. Jike anabeba mimba miezi 11, mtoto anaanza kukimbia akiwa na miaka miwili. Fanyeni hesabu wenyewe: watoto wa kwanza walizaliwa 1990, wakaanza mbio 1992. Mwaka 1993 mmoja wa watoto hao wa kwanza, Bull Inthe Heather, akashinda Florida Derby. Sasa 1994 baba akauzwa Japani.

Yaani soko lilimpa misimu miwili mitatu tu ya kujitetea, tena si kwa miguu yake, kwa miguu ya watoto. Watoto kwa jumla hawakutosha, bei ikashuka, akapandishwa ndege.

Kule Hokkaido mwaka wa kwanza aliletewa majike 77. Msimu wake wa mwisho, 2000, wakaja 10. Akatoka shambani akaingia mikononi mwa mfanyabiashara wa farasi. Mwandishi wa jarida la The Blood-Horse la Marekani alipoanza kumfuatilia mwaka 2003, jibu la kwanza alilopewa ni kwamba farasi kapewa rafiki. Rafiki gani, yuko wapi? Hadithi ikabadilika: alihasiwa, akapelekwa kwenye klabu ya wapanda farasi. Alipobanwa zaidi ndipo ukweli ukatoka kwamba hayupo tena. Usajili wake ulishafutwa tarehe 1 Septemba 2002. Karibu mwaka mzima mshindi wa Kentucky Derby alikuwa amekufa, na Marekani yote, pamoja na waliokula fedha zake, hakuna aliyejua wala aliyeuliza!

Kuna kitu kimoja kwenye taarifa ile ambacho mimi sikiwezi. Mtunza farasi aliyekuwa akimhudumia kule Japani alisimulia kwamba Ferdinand alikuwa mpole kuliko wote. Wengi wa madume hawa wanauma, wanapiga mateke, unaingia nao bandani kwa tahadhari. Yeye ukimwita kutoka mbali anakuja, akifika anakuegemeza kichwa chake taratibu. Mnyama aliyezoea kwamba binadamu akimwita ni heri. Sitaki kufikiria alivyoitwa siku ile.

Najua majibu yatakayokuja, nawajibu mapema.

Wa kwanza atasema Wajapani hawana huruma. Usithubutu. Farasi mwingine wa Whittingham huyohuyo, Sunday Silence, alishinda Derby ya 1989, Wamarekani wakamdharau ukoo wake, akauzwa Japani 1990. Kule akawa dume la mbegu bora nchini, kuanzia 1995 akaongoza mwaka hadi mwaka. Alipougua kwato walipambana kumwokoa, na alipokufa Agosti 2002 alililiwa kama kiongozi. Angalieni mwaka huo: ni uleule. Mwalimu mmoja, nchi moja, mwaka mmoja. Mmoja anazungukwa na madaktari, mwingine anapelekwa machinjioni, na tofauti yao ni idadi ya majike walioletwa. Na kama bado unadhani ni mambo ya Japani, mtafute Exceller. Mwaka 1978 aliwashinda Seattle Slew na Affirmed, wote wawili washindi wa mataji matatu (mbio tatu kubwa za Marekani), kwenye mbio moja. Alichinjwa Sweden 1997 baada ya mmiliki wake kufilisika. Naye alifundishwa na Whittingham na kupandwa na Shoemaker. Huko Marekani kwenyewe machinjio ya mwisho ya farasi yalifungwa 2007, lakini malori yakaendelea kupakia farasi kuvuka mipaka kwenda Meksiko na Kanada.

Wa pili atasema farasi ni mfugo, huchinjwa kama mbuzi. Mkuu, sina ugomvi na anayekula nyama ya farasi. Ugomvi wangu ni na mnyororo wa fedha. Huyu alilipa mwalimu, mpandaji, wamiliki, shamba, mawakala, wasafirishaji. Kila mkono uliompitisha ulipata chake. Siku mapato yalipokauka hakukuwa na mkono hata mmoja uliokuwa na wajibu ulioandikwa wa kupiga simu tu na kusema, "Huyu simuhitaji tena, mnamtaka?" Simu moja! Wapo ambao wangemchukua, maana kelele zilizopigwa 2003 hazikuwa za bure.

Na ushahidi kwamba iliwezekana upo. Baada ya kisa hiki baadhi ya wauzaji walianza kuweka kipengele kwenye mkataba kwamba dume akimaliza kazi, muuzaji awe wa kwanza kuulizwa. New York wenye farasi wakaanzisha mchango wa hiari kwa kila mbio, wakauita kwa jina la Ferdinand, wa kuwatunza waliokwisha kukimbia. Silver Charm, mshindi wa Derby 1997, naye alikuwa Japani, na 2014 alirudishwa Kentucky kwenye shamba la Old Friends linalolea farasi wazee. Charismatic wa 1999 alirudishwa mwisho wa 2016. Alikufa miezi michache tu baadaye, lakini alikufa nyumbani, watu wanajua ni lini na kwa nini.

Kinachoniudhi ni hilo neno "hiari". Ada ya kupandisha si ya hiari. Usajili wa mtoto si wa hiari. Kipimo cha vinasaba (DNA) kuthibitisha wazazi si cha hiari. Kila kitu kinacholinda thamani ya mnyama ni lazima, kinachomlinda mnyama mwenyewe ndicho tunaachiana kwa moyo wa mtu. Kipengele cha kumrudisha kiwe sharti la kuuza dume nje ya nchi, na shamba lolote lililopokea ada zake lidaiwe taarifa ya mahali alipo mpaka afe. Vitabu vya nasaba vinaweza kukutajia mababu zake wa karne ya 18. Vishindwe kusema yeye mwenyewe yuko banda gani?

Nijinsky amezikwa Claiborne, ana jiwe lenye jina lake. Mwanawe alisimama shamba hilohilo miaka mitano, na yeye hakuna mahali popote unapoweza kwenda kusimama. Kwa hiyo mkuu utakayebandika orodha Mei ijayo, ukifika 1986 futa "akastaafu". Andika "alichinjwa Japani, 2002", uache hapo mtu asome.