Walimu wakuu wa Dar na kipindi cha michezo: wanakiua au tunawaonea?

Mzazi_Temeke
Wadau salaam. Juzi nilikuwa kwenye kikao cha wazazi, shule ya msingi ya serikali huku kwetu, jina naliacha. Nikauliza mbona ratiba ya ukutani ina Sanaa na Michezo, lakini mwanangu wa darasa la tatu hajatoka nje hata siku moja, kipindi kile wanafanya Hisabati? Mwalimu mkuu akanijibu mbele ya watu kwamba kucheza mtoto anacheza kwao, pale wanatafuta ufaulu. Wazazi wenzangu wakapiga makofi! Nauliza: hawa wakuu wa shule wa mjini ndio wanaoliua somo, au tunawaonea? Na uwanja wenyewe nusu umeliwa na frem za maduka, hela zake wanazijua wenyewe.

Kikokotoo
Shule ya msingi ina mwalimu mkuu. Mkuu wa shule yuko sekondari. Tuanzie hapo.

Mzazi_Temeke
Asante mwalimu wa Kiswahili. Sasa jibu swali.

ChakiNyeupe
Mimi ni mwalimu mkuu, mwaka wa saba huu, wilaya nyingine. "Hela zake wanazijua wenyewe" una maana gani? Ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na yote haifiki mkononi kwangu, sehemu ni ya vitabu. Humo humo chaki, karatasi za mitihani, kitasa kikivunjika. Tangu elimu bila ada ianze 2016, mzazi ukimwomba mia tano ya mlinzi anakimbilia kwa mkuu wa wilaya. Mlinzi wangu analipwa na frem. Mngejua tunavyolala macho wazi msingeandika upuuzi.

Rede_na_Mdako
Shikamoo mwalimu. Ila umeulizwa michezo, umejibu frem.

ChakiNyeupe
Marahaba. Nimejibu palipotukanwa.

BabaWawili_Mbagala
Kisingizio cha uwanja sikikubali. Filbert Bayi 1974 kule Christchurch alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500. Nani alimjengea uwanja wa nyasi bandia? Sisi tulikuwa na mchakamchaka kila asubuhi, miguu peku, na chandimu jioni. Hawa walimu wa siku hizi ni wavivu tu.

Rede_na_Mdako
Bayi ni wa Karatu, kaka, hakukulia Manzese. Mwanangu akikimbia mita 1500 kwetu atakuwa ameruka mitaro sita na kukoswakoswa na bodaboda arobaini.

BabaWawili_Mbagala
😂😂 Hapo umenipata. Ila michezo ya shule aliiua Sumaye, msisahau.

Kikokotoo
Sumaye alikuwa waziri mkuu. Waziri wa elimu alikuwa Mungai, yeye ndiye aliyefuta UMISSETA na UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya sekondari na ya shule za msingi, na fizikia akaitia kwenye chungu kimoja na kemia. Baadaye yote yakarudishwa.

BabaWawili_Mbagala
Huyo huyo. Nilijua ni serikali ya Mkapa.

Filimbi
Naomba niseme kama mtu niliyesoma michezo chuo cha Malya na sasa nafundisha hapa Dar. Shule yangu ina zamu mbili, asubuhi na mchana. Zamu ya kwanza ikitoka ya pili iko getini, kwa hiyo hakuna ile "jioni" mnayoikumbuka. Mkondo mmoja una watoto 140, mpira mmoja, na umetobolewa na misumari ya uzio. Lakini mwalimu wangu mkuu hachukii michezo! Juni ikikaribia ananiita ofisini kwa heshima zote, anataka watoto wanne wa kwenda UMITASHUMTA wailetee shule jina. Hao wananunuliwa hadi glukosi. Wale 136 waliobaki kwake hawana miili. Afisa elimu kata akija anauliza matokeo ya moko, hajawahi kuniuliza wangapi wanajua kuruka kamba. Kwa hiyo mkuu anafundisha anachoulizwa. Mimi nikiwa likizo hata hajui kipindi changu kimefutwa.

Kikokotoo
Kweli lakini tukubaliane, michezo shuleni anapewa mwalimu aliyekosa somo.

Filimbi
Rudia tena hiyo. Nimesomea, nina cheti. Wewe una cheti cha kukosoa watu mitandaoni?

Kikokotoo
Nimesema wengi, sijasema wewe. Jazba za nini, mwalimu wa mazoezi unapandwa na presha.

MamaChapati
Nyie mnaosema frem zivunjwe, mimi ndiye mwenye frem ya tatu kutoka getini, shule fulani Kinondoni. Kodi nalipa kila mwezi na risiti ninazo. Wanangu wawili wanasoma humo humo ndani kwa chapati hizo hizo. Mkivunja mtanilishia?

Mzazi_Temeke
Dada hakuna aliyesema zivunjwe.

MamaChapati
Umeandika uwanja "umeliwa". Nani kaula? Mimi?

ChakiNyeupe
Muulize vizuri mama. Na kamati ya shule ilipitisha au haikupitisha? Mzazi_Temeke, kwenye kamati ya kwenu upo? Au mwaka mzima unatokea siku moja kupiga kelele?

Mzazi_Temeke
Mwalimu mbona umenikamata mimi, hata shule yenyewe huijui, jina si nililiacha. Nilichouliza ni mtoto kucheza dakika arobaini kwa wiki.

BabaWawili_Mbagala
Risiti anatoa nani, shule au halmashauri? Maana kwetu wanakusanya kwa daftari la kaunta, na daftari lenyewe halionekani.

ChakiNyeupe
Kwenu. Usichanganye.

Filimbi
Kuna aliyesoma nilichoandika kuhusu wale 136?

NjeYaMji
Samahani naingilia. MamaChapati, hapo jirani kuna frem iliyo wazi? Kodi inaanzia ngapi, na wanataka miezi sita au mwaka?

MamaChapati
Ya pembeni yangu jamaa anahama mwisho wa mwezi. Njoo inboksi.