Viumbe wageni hufikaje pwani zetu?

Muulizaji: Ndugu zangu, inawezekanaje kiumbe wa pwani moja avuke bahari kuu na kuwaangamiza samaki wa pwani nyingine?

Jibu la 1: Ndugu, meli isiyo na shehena hujaza maji katika matangi yake ili isiyumbe, kisha huyamwaga bandarini pamoja na mayai na viumbe wadogo waliomo. Ndivyo Mnemiopsis, afananaye na yavuyavu, alivyofika Bahari Nyeusi miaka ya 1980, akala mayai ya samaki na chakula chao, na dagaa wakaadimika vibaya.

Jibu la 2: Tusisahau kome na mwani wanaoganda chini ya meli na kusafiri nazo; mkataba wa kimataifa wa 2004 kuhusu maji hayo ya matangi, ulioanza kutumika 2017, hauwagusi, nami naona hilo ni pengo kubwa.