Besi yangu sauti imefifia: nitoe poti za 250 niweke za 500?

Nyuzi Nne: Wakuu, heshima kwenu. Nina gitaa la besi la muundo wa Jazz Bass, halitumii betri: pikapu mbili (zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi), volyumu mbili, toni moja. Napigia kwaya kanisani. Nyuzi ni mpya, toni naifungua yote, lakini sauti ni nzito tu. Nikipiga slapu (kugonga nyuzi kwa kidole gumba) haikati, inamezwa na kinanda. Nimefungua mfuniko, poti zote tatu (vile vidhibiti vya kuzungusha vya volyumu na toni) zimeandikwa A250K, yaani kilo-omu 250, na kapasita ya toni 473. Fundi mmoja anasema niweke poti za 500, mwingine anasema nibadili kapasita. Nianzie wapi?

Risasi na Waya: Mkuu, kapasita iache. Hiyo 473 ni mikrofaradi 0.047, ya kawaida kabisa kwa besi hizo. Ukiweka 0.022 utasikia tofauti pale unapofunga toni. Ikiwa wazi yote, hupati kitu.

Wanaokula ukali ni poti. Volyumu zote zikiwa wazi, poti tatu zinakaa sambamba juu ya pikapu na kuzielemea, na sauti za juu ndizo zinazoumia kwanza. Kilo-omu 250 tatu sambamba ni kama 83. Zote zikiwa 500 unafika 167 hivi. Ukibadili toni peke yake unaishia 100.

Usinunue bado. Yeyusha risasi ya kulehemu uuachie waya unaokwenda poti ya toni, uzungushie selotepu ncha usiguse kitu, kisha piga. Hapo umebaki na 125. Usiposikia tofauti, poti hazina kosa.

Dada wa Besi: Kaka, na kebo unatumia ya urefu gani? Kebo ndefu ya bei chee inakula ukali vilevile. Jaribu ya mita 3. Halafu ujue poti za 500 ukizishusha kidogo zinapoteza ukali haraka kuliko za 250. Mimi napenda kucheza na volyumu katikati ya wimbo, ndiyo maana nimebaki na 250.

Nyuzi Nne: Nimetoa waya wa toni, kebo ni ileile. Jamani, imefunguka! Uzi wa G unasikika noti kwa noti. Ila wa E sasa nasikia unavyogonga vyuma vya shingo, na toni naihitaji kwenye nyimbo za taratibu.

Risasi na Waya: Basi usiweke 500 zote, hiyo migongano itazidi. Nunua volyumu mbili za A500K, toni ibaki hiyohiyo ya 250, urudishe waya wake. 500, 500 na 250 sambamba ni 125, sauti ileile uliyoipenda leo, na toni unayo. Dukani nenda na mita ya kupimia omu upime kila moja, maana poti huweza kupishana na maandishi yake hata kwa asilimia 20. Chagua zilizopanda juu ya 500. Na hakikisha zina herufi A, yaani za logi, zinazopandisha sauti kulingana na sikio. Za B, zinazopanda kwa mstari ulionyooka, zitakupa volyumu isiyopanda vizuri.

Nyuzi Nne: Shukrani sana mkuu, na wewe dada. Kesho naenda dukani na mita.