Mama anameza atenolol, mapigo ya moyo yameshuka hadi 46. Nimwachishe?

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, hasa kwa walio kwenye fani ya afya.

Mama yangu ana miaka 71, amekuja kwangu Dar wiki iliyopita akitokea Korogwe. Presha anayo siku nyingi, na kwa miaka sita sasa anameza atenolol miligramu 50 kila asubuhi bila tatizo. Safari hii namwona amepooza, akipanda ngazi tatu anakaa. Leo alfajiri aliinuka kwenda kutawadha, nikasikia ndoo imeanguka. Nilimkuta ameshika ukuta wa bafu, anasema nyumba inazunguka. Nikampima kwa mashine ya nyumbani: presha 128/74, ila mapigo 46. Nikarudia: 47, halafu 45.

Kaka yangu anasema tumwachishe dawa leo leo. Jirani anasema nimpe nusu kidonge. Mimi naogopa yote mawili. Nifanyeje?

Muuguzi wa Zamu

Pole sana, na mama umpe pole. Usimwachishe kienyeji. Atenolol inaukinga moyo dhidi ya adrenalini, homoni inayoukimbiza moyo, na moyo uliozoea kukingwa miaka sita ukiondolewa kinga kwa siku moja unashtuka. Mapigo yanakwenda mbio, presha inaruka, na kama mishipa ya moyo ina kasoro, shambulio la moyo linaweza kutokea. Daktari akitaka kuitoa huwa anaishusha kidogo kidogo, wiki moja au mbili.

Ila 46 pamoja na kizunguzungu si jambo la kulala nalo siku tatu. Kesho asubuhi mpeleke hospitali mapema, kidonge kiwe mkononi, daktari aamue kama anameza au la. Kuchelewa saa chache hakuhesabiki kuwa kuacha dawa. Na usiku huu akizimia, kifua kikimbana, akipumua kwa shida au akianza kuchanganyikiwa maneno, msingoje kukuche.

Mashine nazo hukosea, hasa mapigo yakiwa yanaruka ruka. Hesabu kwa mkono: vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, upande wa dole gumba. Dole gumba lako usilitumie, lina mapigo yake. Hesabu dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha.

Halafu niambie: anatumia dawa gani nyingine? Zote, hata za kienyeji na za maumivu.

Mtoto wa Mzee

Naunga mkono hapo kwenye kutoacha ghafla. Baba yangu alisafiri kwenda msibani, dawa akazisahau kitandani. Siku ya nne tunapigiwa simu anatokwa jasho, mkono wa kushoto unauma, moyo unamdunda mpaka shati linatikisika. Alilazwa. Toka siku ile dawa zake za wiki moja zinakaa kwenye begi la safari, hazitolewi. Kaka yako ana nia njema, lakini mwambie asubiri daktari.

Mleta uzi

Nimehesabu kwa mkono, 47. Anaongea vizuri, kifua hakimuumi.

Nilipomuuliza dawa nyingine akasema hana. Nikamwambia mama, hata ya kupaka, hata ya kunusa. Ndipo akafungua pindo la khanga akatoa kichupa: matone ya macho, timolol ya asilimia 0.5, tone moja kila jicho asubuhi na jioni. Alianzishiwa kliniki ya macho miezi miwili iliyopita kwa ajili ya presha ya macho. Kwake yeye hiyo si dawa, ni maji ya macho. Na kizunguzungu anasema kilianza kama wakati huo huo.

Mfamasia Mstaafu

Hapo ndipo pa kumwonyesha daktari. Timolol na atenolol ni ndugu, zote beta bloka, yaani dawa zinazozuia adrenalini isiukimbize moyo. Tone la jichoni linateremka kwa kijitundu cha kona ya jicho hadi puani, linaingia kwenye damu bila kupita kwanza kwenye ini, na linaupunguza moyo kasi kama kidonge. Kwa hiyo huenda mama anabeba mzigo mara mbili, na kila kliniki inaona kadi yake tu. Isitoshe atenolol hutolewa na figo, na figo za miaka 71 hazina kasi ile ya zamani. Omba zipimwe.

Lakini matone nayo usiyasitishe mwenyewe. Presha ya macho inaiba uwezo wa kuona, na kilichoibwa hakirudi. Yapo matone mengine yasiyogusa moyo, daktari wa macho atachagua.

Kila akitia tone afumbe jicho na abonyeze kona iliyo karibu na pua dakika mbili. Dawa inabaki jichoni.

Mama Wawili

Samahani kuingilia uzi. Shangazi ana kisukari, anachoma insulini, na amepewa bisoprolol. Kuna hatari?

Mfamasia Mstaafu

Dada, bisoprolol nayo ni beta bloka. Aendelee nayo kama alivyoandikiwa, ila ajue kwamba sukari ikishuka huenda asisikie mikono kutetemeka wala moyo kwenda mbio. Jasho hubaki. Akitokwa jasho bila sababu apime sukari. Mwenye pumu naye lazima amwambie daktari kabla ya kuanza, hasa akiandikiwa propranolol, beta bloka nyingine.

Mleta uzi

Narudi na mrejesho baada ya siku kumi. Daktari aliweka vile vidonge na kile kichupa mezani, akatikisa kichwa. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilionyesha mapigo ya polepole tu, njia za umeme za moyo hazijaziba. Figo zimechoka kidogo. Atenolol imeshushwa hadi miligramu 25, na daktari wa macho amebadilisha matone, sasa ni latanoprost, tone moja usiku.

Leo asubuhi mapigo ni 58, nimehesabu dakika nzima. Kadi zake mbili za kliniki nimezibana pamoja kwa raba. Usiku anatia tone, anabonyeza kona ya jicho, na mkono wa pili anavuta tasbihi mpaka dakika mbili zitimie. Tarehe ya kurudi ni mwezi ujao, nitaleta majibu ya figo hapa hapa.