Mrejesho: laptopu iliyokuwa ikizima kinga yake yenyewe

Nawashukuru sana. Kwa waliokosa mwanzo: niliuliza kwa nini laptopu yetu hapa Kondele, Kisumu, inafungua kurasa za kamari bila kuambiwa, na Defender, kinga ya virusi inayokuja na Windows, haioni kitu.

Mlioshuku ile Office ya bure niliyowekewa na fundi, mlilenga. Nilifungua orodha ya vitu ambavyo Defender imeambiwa isivikague, nikakuta mstari mmoja tu: C:\. Diski nzima! Mlinzi yuko getini lakini amefungwa kitambaa machoni.

Kwanza nikabadilisha nywila za barua pepe na benki, kwa simu, si kwa laptopu hiyo. Kisha nikanakili picha na kazi za watoto, programu nikaziacha zote, nikafuta diski. Windows 11 ilikataa kwa sababu prosesa ni ya zamani, i5 ya kizazi cha sita, na Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Basi nikaweka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, flashi ya kuuweka nikiiandaa kwa kompyuta ya kazini. Kuupakua kulikula karibu GB 3 za bando, na stima ikapotea katikati. Nilisema maneno nisiyoweza kuandika hapa.

LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi kama Office, inafungua faili za mama watoto vizuri, ila jedwali moja limepinda. Masasisho nayaruhusu kila Jumamosi, dakika chache tu.

Printa bado haichapishi rangi. Aliye na ujuzi wa hilo anisaidie.